Pikapu Ambayo Haikutengenezwa

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo, na mvi zangu hizi zote, masikio yangu hupata moto. Ni siku ambayo Senge wangu, dada ya baba, aliniuliza swali la maneno mawili tu: "Ulijua lini?" Nimeulizwa mengi maishani, na polisi, na wakwe, na hata na daktari. Hakuna swali lililonikaa rohoni kama hilo.

Lakini nisikuvushe mto kabla hujaona maji. Ngoja nianzie stesheni ya Kitale.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi na dereva katika gereji ya Mhindi mmoja mjini Kitale. Sisi wafanyakazi tulimwita Tajiri, naye hakukataa. Siku hiyo treni ya mizigo ilileta gari lililofunikwa turubai, limefungwa kamba pande zote kama fahali mkali. Aliyekuja nalo alikuwa Mzungu mrefu, mwembamba, shingo imebabuka kwa jua, jina lake Bwana Rigby. Alikuwa injinia wa kampuni ya magari huko ng'ambo. Jina la kampuni sikutajii, na hata wenyewe hawakuliandika kwenye gari. Puani pake, mahali pa nembo, palikuwa patupu. Ilikuwa pikapu ya mfano, moja peke yake duniani. Kampuni ilitaka kwanza ijue kama itahimili matope yetu, ndipo iamue kama itatengeneza nyingine za kuuza.

"Mimi nataka dereva najua tope," Bwana Rigby akamwambia Tajiri kwa Kiswahili chake.

Tajiri akaninyooshea kidole. "Huyu hapa. Huyu tope ni mama yake."

Basi nikapewa ufunguo. Mwanangu, niliipenda pikapu ile kama mtu anavyopenda mchumba. Ilikuwa imeinuka juu, magurudumu marefu membamba yanayokata matope badala ya kuelea juu yake. Kuta zake tatu za nyuma ziliweza kushushwa, gunia likashuka bila kumvunja mtu mgongo. Nyuma ya kiti cha dereva palikuwa na benchi ambapo watu watatu wangekaa bila kunyeshewa. Siku hizo, sisi weusi tulipanda magari juu ya mizigo, mvua ni yetu na jua ni letu. Gari lililotukumbuka sisi na mvua yetu lilikuwa jambo geni.

Kwa kuwa halikuwa na jina, nililipatia moja. Nililiita Nangila, jina ambalo sisi Wabukusu humpa msichana aliyezaliwa njiani. Bwana Rigby alilipenda, ingawa ulimi wake ulilitafuna vibaya.

Tuliendesha miezi sita, masika yote. Tulibeba mahindi ya walowezi kutoka mashamba ya kijiji cha Kwanza, tukazunguka upande wa Tongaren, tukateremka mpaka Bungoma na kurudi. Mto Kuywa ulipofurika tulivuka maji yakigonga mlango, na Nangila hakukohoa hata mara moja. Kila jioni Bwana Rigby aliketi na daftari, akaniuliza nini kimelia, nini kimelegea. Halafu siku moja akaniuliza jambo ambalo hakuna mkubwa yeyote aliyekuwa ameniuliza tangu nizaliwe.

"Kama wewe natengeneza hii gari, wewe naongeza nini?"

Nilifikiri kidogo. Nikamwambia, "Ngazi, Bwana. Ngazi fupi huku nyuma. Mama aliyebeba mtoto mgongoni anapandaje hapa?"

Kesho yake tulichomelea ngazi. Akachora ngazi ile kwenye karatasi, akaipeleka ng'ambo kwa posta. Tangu siku hiyo, mwanangu, nikaacha kusema "gari la Bwana Rigby". Nikasema "gari letu". Na hapo ndipo kiburi kiliponiingia, polepole kama unyevu katika unga.

Sasa nikupeleke nyumbani. Kwetu ni Kibabii, karibu na mji wa Bungoma. Watu wa kanisa letu, nyumba kumi na mbili, walikuwa na shida moja kubwa: mahindi yao yalioza kila mwaka kwa kukosa njia ya kuyafikisha stesheni kabla ya mvua ya pili. Wakaamua kutengeneza mkokoteni wa ng'ombe. Seremala alikwisha pasua mbao. Ng'ombe wa kuuvuta walikuwa wawili, na wote wawili walikuwa wa Senge wangu, Nasimiyu. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mfupi, mwepesi wa kucheka. Aliwafunza mwenyewe kuvaa nira, kazi ya miaka miwili. Mmoja alimwita Twende kwa sababu alikuwa na haraka. Mwingine alimwita Pole, na sababu yake unaweza kuikisia. Aliongea nao kuliko alivyoongea na majirani.

Jumapili moja Bwana Rigby aliniruhusu niende na Nangila Kibabii, apate kujua gari linavyobeba watu. Ibada ilipokwisha nikawapakia wazee kwa akina mama, nikawazungusha mpaka Bungoma mjini na kurudi. Senge aliketi mbele, mikono miwili imeshika kiti.

"Hii gali inaenda kama inateleza!" akasema. Senge alikuwa wa zamani, herufi za ele na ere kwake zilikuwa ndugu, na mimi nilipenda kumsikia. "Na mvua ikinyesha, si mimi niko ndani tu?"

"Uko ndani tu, Senge."

Tuliporudi watu walinizunguka. Nikasimama juu ya ile ngazi niliyoiomba mwenyewe, nikatazama zile nyuso, na ulimi ukaniponza. Nikasema, "Mwaka ujao magari haya yatajaa Kitale. Tutapata moja la kanisa. Ya nini kuhangaika na mkokoteni?"

Mzee Barasa, mwenyekiti wetu, mtu wa maneno machache, akaniuliza, "Wamekuambia watatengeneza?"

"Mzee, mimi ndiye ninayeliendesha. Ni hakika kama kesho."

Mwanangu, hakuna mtu aliyekuwa ameniambia hivyo. Bwana Rigby mwenyewe alikuwa akisema "labda" kila siku. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi sikuacha mbacha wangu. Niliwashawishi wengine waache wao, na hilo ni baya zaidi.

Jumanne moja alasiri, mvua inapiga mabati ya gereji hata hamsikilizani, Bwana Rigby akaniita ofisini. Alikuwa na barua mkononi. Uso wake ulikuwa umeshuka kama wa mtu aliyetoka kuzika.

"Kampuni nasema hapana," akaniambia. "Gari ni mzuri. Wote nakubali ni mzuri. Lakini hapana tengeneza."

Nikadhani sikusikia, kwa kelele ya mvua. "Kwa nini, Bwana? Imeharibu nini?"

"Haribu hapana. Wakubwa naona njia kama hii ni kidogo duniani. Watu huko nataka gari ya mji." Akaikunja barua. "Leo asubuhi mimi napata barua. Leo mimi naambia wewe. Wewe pia ambia watu yako, wasingoje."

Alinipa mkono. Siku hizo Mzungu kumpa mfanyakazi mkono halikuwa jambo dogo, lakini sikulijali. Nilikuwa nikimtazama Nangila pale nje, maji yakimtiririka.

Barua ilisema pia gari lisibaki zima, wengine wasije wakaliiga. Injini irudishwe ng'ambo ndani ya sanduku, bodi ikatwe. Kazi hiyo tuliifanya sisi wawili, siku mbili nzima. Nilifungua kwa mkono wangu kila nati niliyokuwa nimeikaza. Tulipofika kwenye ngazi, Bwana Rigby akaniambia nenda kanywe chai. Niliporudi ilikuwa imeshakatwa. Nimewahi kufikiri kwamba hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuniambia pole.

Hapo, mwanangu, ningepanda basi la Jumamosi, nikafika nyumbani, nikasema: jamani, gari limefutwa, endeleeni na mkokoteni wenu. Maneno hayo hayamalizi hata pumzi moja. Nilifika nyumbani kweli. Vijana walikuwa wamenipachika jina, wananiita Mwenye Gari. Akina mama wakanipigia vigelegele nikiwa bado niko mbali. Mzee Barasa akauliza, "Gari liko wapi leo?"

Nikasema, "Liko gereji. Linapakwa rangi."

Sijui lilitoka wapi. Lilitoka lenyewe, kama kikohozi. Na uongo, ukishaupa kiti, huketi na kuagiza chai. Jumapili iliyofuata sikwenda nyumbani kabisa. Nilituma salamu kwamba kazi ni nyingi. Nilikuwa nimelala chali chini ya lori la mtu, sifanyi chochote, natazama tu mafuta yakidondoka.

Jumapili ya tatu nikaona haya zimenizidi, nikaenda. Nikapita kwanza kwa Senge. Zizi lilikuwa wazi, na ndani hamkuwa na mtu wala mnyama.

"Mwana wa ndugu yangu!" Senge akatoka jikoni anacheka, mikono ina unga. "Umekonda. Ingia. Ati unatafuta ng'ombe? Si tuliwapeleka mnada Alhamisi. Mzee Barasa alisema tuanze kuchanga ya gali. Na zile mbao, seremala ametengenezea kanisa mabenchi. Mazuli sana, utayaona."

Aliniandalia ugali na kuku. Unajua kwetu kuku si chakula tu, ni heshima. Nikakata tonge, nikalishika. Nikalirudisha sahanini. Senge akavuta kigoda.

"Mtu akikataa kuku wa senge yake, ni mgonjwa ama ana neno. Wewe si mgonjwa."

Nikamwambia. Nilisema nikitazama sakafu, kila kitu: barua, nati, ngazi, rangi ambayo haikuwako. Nilipomaliza, Senge akaondoa sufuria motoni.

"Ulijua lini?"

"Siku kumi na tisa zilizopita, Senge."

"Kabla ya mnada."

"Kabla."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Alifunika kuku wake, akafuta mikono kwenye leso, akasema kwa sauti ya chini:

"Sikiliza. Hao wenye kampuni wamekata neno lao. Hiyo si kosa yako, gali ni yao. Hata ile ya kusema litakuja, nakusamehe, kijana akipenda kitu anaona kimefika. Lakini yule Mzungu alipata balua asubuhi, akakuambia siku ile ile. Yeye si wa ukoo wetu, hajala kwetu, lugha yetu hajui. Wewe, niliyekubeba mgongoni, ulitunyima siku kumi na tisa. Kati yenu, nani alituheshimu?"

Nilianza kulia. Akaniacha nilie, lakini si sana.

"Basi, inatosha. Machozi hayavuti mkokoteni. Utaenda nyumba kwa nyumba, zote kumi na mbili. Mimi nitatembea na wewe. Lakini mdomo ni wako."

Na ndivyo tulivyofanya. Alitembea nyuma yangu hatua kumi, leso begani. Nyumba nyingine walinitukana, na mama mmoja alinifungia mlango. Kwa Mzee Barasa nilikuta amekaa nje anakoboa mahindi kwa mkono. Alisikiliza bila kuacha kazi yake.

"Kwa hivyo mahindi tutabeba na nini?"

"Sijui, Mzee."

"Basi uende utafute kujua. Usinirudie na pole. Pole nimejaa nayo."

Jumatatu kukipambazuka nilikuwa Bungoma mjini. Niliuliza pale mnadani, nikaambiwa ng'ombe wawili waliozoea nira walinunuliwa na Mzee Athumani, mchinjaji anayekaa karibu na msikiti. Mwanangu, niliposikia "mchinjaji", nilikimbia. Nilikimbia mjini mchana kweupe kama mwizi, watu wananitazama.

Mzee Athumani alikuwa mtu mnene wa makamo, ametoka kuswali, anapanga visu vyake. Nyuma ya banda lake alikuwa amefungwa ng'ombe mmoja. Alikuwa Twende. Aliniona, akainua kichwa.

"Salaam aleikum, Mzee. Walikuwa wawili," nikasema, pumzi hazitoshi.

"Waleikum salaam. Walikuwa wawili. Yule mpole nimemchinja Jumamosi." Akanitazama usoni, sauti ikalegea. "Walikuwa wako?"

Nikamweleza. Sikuficha kitu, nilikuwa nimekwisha kuzoea aibu kwa nyumba kumi na mbili, ya kumi na tatu haikuniua. Alisikiliza akitikisa kichwa.

"Kijana, kisu hakingoji mtu amalize haya zake. Ungekuja Ijumaa ungewakuta wote, wallahi. Mimi sikuwa na haraka nao."

Niliketi chini pale kwenye vumbi. Ni yeye aliyenipa maji, na ni yeye aliyeniuliza kazi yangu. Nilipomwambia ni fundi, akanionyesha lori lake nyuma ya nyumba, limekufa mwaka mzima, kuku wanataga ndani. Tukaelewana hapo hapo: nilifufue lori, nichukue Twende, na ekseli ya gari bovu lililokuwa ubavuni mwa lori niichukue pia. Nilimwomba Tajiri ruhusa. Alinigombeza kwa Kigujarati, kisha kwa Kiswahili, halafu akaniongezea springi kuukuu bila kuombwa. Bwana Rigby alikuwa ameshapanda treni kurudi kwao.

Siku nane nilikuwa chini ya lori lile. Lilipowaka, watoto wa mtaa wa msikiti walipiga makofi, na Mzee Athumani akanifungulia Twende mwenyewe. Nilimwongoza kwa miguu mpaka Kibabii. Njia nzima ng'ombe yule aligeuza kichwa upande wa kushoto, upande ambao mwenzake alizoea kutembea.

Nilijenga mkokoteni wa ng'ombe mmoja, wa mipini miwili, juu ya ekseli ile, na matairi ya mpira. Waliokuja kunisaidia walikuwa wawili siku ya kwanza. Siku ya tatu walikuwa saba. Yule mama aliyenifungia mlango alileta uji. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walisema wazee, na mimi siku hizo niliuelewa msemo huo mikononi kabla ya kuuelewa kichwani. Mwaka huo mahindi yalifika stesheni, ingawa si yote. Twende peke yake alibeba nusu ya mzigo ambao wangebeba wawili, na mvua iliwahi mashamba ya nyumba nne za mwisho. Watu wa nyumba hizo nne walinunua chakula mwaka ule. Sikuweza kuwatazama machoni mpaka mavuno mengine.

Senge alinisamehe. Alinipikia kuku mwingine, nikamla wote, akasimama juu yangu kuhakikisha. Hakunitajia jambo lile tena mpaka alipofariki. Lakini miaka mingi baadaye, jioni akimwita Twende arudi zizini, mara nyingine nilimsikia akianza na jina la yule mwingine, kisha ananyamaza katikati, anaanza upya.

Sasa, mwanangu, unisikilize vizuri, maana hiki ndicho nilichokuitia.

Duniani mambo hufutwa. Wakubwa walio mbali watakaa mezani wakate neno, na kitu ulichokipenda kitakoma. Kazi uliyotumaini haitakuja, mchumba atabadili nia, shule itakukataa. Usione aibu. Si wewe uliyekata neno. Na hata pale ulipoahidi kwa ulimi mwepesi, bado una nafasi ya kuwa mtu mwema, ila nafasi hiyo ina saa zake. Mficha maradhi kilio kitamfichua, na kilio hicho mara nyingi si chake peke yake. Siku unapojua, siku hiyo hiyo nenda ukaseme. Nenda kwa miguu yako, useme kwa mdomo wako, kabla watu hawajauza kilicho chao kwa kukuamini. Watakukasirikia, ndiyo. Waache wakasirike. Hasira ya mtu uliyemwambia mapema hupoa kwa kikombe cha chai. Ya yule uliyemficha hukaa, hata akikusamehe.

Na ukiwa na kitu unachokipenda sana, kipende, usijizuie. Sikujutia kumpenda Nangila hata siku moja. Ila usiseme "hakika" juu ya jambo ambalo neno lake la mwisho liko mkononi mwa mwingine. Sema "labda". Ni neno dogo, na linaokoa watu.

Mungu akupe ulimi mzito wa kuahidi na mwepesi wa kukiri. Akupe watu watakaotembea nyuma yako siku ya aibu yako. Akuzidishie siku, na kwako nyumbani kusikose chakula wala kicheko. Nenda salama, mwanangu.